Nyangwe: soko, mto na kumbukumbu za wazee wetu

Mgeni akifika kwetu Kasongo, awe mfanyakazi wa serikali, mchuuzi ao mtu wa shirika, hakosi kuuliza: «Hapa kwenu kuna nini cha kuangalia?» Wengi wetu tunacheka kidogo, tunamwonyesha njia ya kwenda mtoni, kisha tunamwambia kwamba vitu vya zamani viliisha. Jibu hilo si la kweli. Katika teritwari zetu mbili, Kasongo na Kabambare, kuna fasi ambazo majina yao yaliandikwa kwenye ramani za dunia wakati Kinshasa na Lubumbashi hazijawa bado miji mikubwa. Jina la kwanza kati ya hayo ni Nyangwe.

Mimi ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikieleza mambo ya Nyangwe, mwanafunzi alinyoosha mkono akauliza: «Mwalimu, katika habari hiyo sisi tuko upande gani? Wa wenye bunduki ao wa wenye vikapu?» Darasa zima lilinyamaza, na mimi pia. Sikuwa na jibu tayari. Wahenga walisema kawia ufike. Basi maandishi haya ndiyo jibu langu.

1. Fasi yenyewe

Nyangwe iko kwenye ukingo wa kuume wa Lualaba, kaskazini-magharibi ya mji wa Kasongo. Ng'ambo ya kushoto ni upande wa Wakusu. Watu wa mto wenyewe ni Wagenya, wavuvi na mabwana wa mitumbwi tangu zamani. Kuelekea mashariki, njia ya Kabambare, kuna Wazimba na Wabangubangu. Mwenye samaki anatafuta mihogo na mafuta ya ngazi. Mwenye mihogo anatafuta samaki na chumvi. Watu wa namna hiyo wakikutana kwenye ukingo mmoja, soko linazaliwa lenyewe, bila amri ya mtu.

Ndiyo sababu soko lilikuwa Nyangwe mbele ya Waarabu kuja. Lilikuwa na siku zake za kurudia, na wamama walivuka mto kwa mitumbwi, vikapu na nyungu vichwani, wakitoka vijiji vya mbali. Tena lilikuwa na sheria moja kubwa: mtu wa soko haguswi. Hata kama vijiji viwili vilikuwa vitani, wamama walipita kwenda sokoni na kurudi, wala hakuna aliyewashika. Waliopita huku zamani walishangaa kuona jambo hilo, wakaliandika. Tukumbuke sheria hii, kwa sababu mambo yote ya Nyangwe yanazunguka juu yake.

2. Njia ya kutoka baharini

Katika miaka ya 1860 wachuuzi wa pwani walifika Nyangwe. Njia yao ilianza Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja, ikapita Tabora, ikashuka Ujiji. Hapo walivuka ziwa Tanganyika, wakapita nchi ya Kabambare mpaka Lualaba. Walifuata pembe za ndovu, ambazo huku zilikuwa nyingi na za bei ndogo. Lakini pembe ni nzito, na inataka mabega ya kuibeba. Hivyo biashara ya pembe na biashara ya watu zilitembea pamoja katika njia moja.

Mkubwa wa Nyangwe katika siku zile alikuwa Mwinyi Dugumbi, ambaye vitabu vingine vinamwita Dugumbe. Pamoja naye alikuwa Abed bin Salim. Mji ulikuwa na sehemu mbili, ya Dugumbi na ya Abed, na katikati bonde la maji lililolimwa mpunga. Kusini kidogo, Kasongo ikawa baadaye mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Maniema anayesoma kitabu chake anasoma habari za nchi yake katika lugha yake, bila kupitia Kifaransa.

3. Tarehe 15 Julai 1871

Mwisho wa mwezi wa Machi 1871, mzee David Livingstone, Mwingereza, alifika Nyangwe. Alikuwa ametoka Kabambare, ambako aliugua vidonda vya miguu akakaa miezi mingi. Alitaka mtumbwi wa kufuata Lualaba, kwa maana aliamini kwamba mto huu ndio mwanzo wa Nile. Mitumbwi hakuipata. Akabaki miezi karibu minne, na kazi yake kubwa ikawa kuangalia soko. Alipenda kutembea kati ya wamama, kuhesabu watu, kusikiliza wanavyobishana juu ya bei.

Ile siku ilikuwa Jumamosi, jua kali. Watu wa soko walikuwa kama 1.500. Livingstone aliona watu watatu wa Dugumbi wameingia sokoni na bunduki, jambo ambalo halikuwa desturi. Mmoja alianza kugombana juu ya bei ya kuku. Mara bunduki mbili zililia katikati ya watu. Wamama walitupa vikapu, wakakimbilia mitumbwi yao katika kijito. Pale karibu na kijito kundi lingine la wenye bunduki likaanza kuwapiga. Mitumbwi ilibanana, haikuweza kutoka. Wengi walijitupa majini wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, na mto ukawachukua mmoja baada ya mwingine. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Kisha moto ukawashwa katika vijiji vya ng'ambo.

Sababu ilikuwa nini? Kuku hakuwa sababu. Mtumwa mmoja wa mchuuzi mwingine, jina lake Manilla, alikuwa amefanya undugu wa damu na wakubwa wa ng'ambo. Watu wa Dugumbi, na mbele yao Tagamoio, walitaka kuonyesha kwamba urafiki na biashara ya fasi hii ni yao peke yao. Dugumbi mwenyewe alituma mtumbwi kuokoa baadhi ya waliokuwa majini, watu 21 wakatolewa wazima. Lakini sheria ya soko ilikwisha kuvunjwa, na waliovunja walikuwa watu waliokula chakula cha soko hilo kila siku.

4. Namna habari ilivyosafiri

Kama Livingstone asingekuwepo, habari ile ingebaki kwa Wagenya na Wakusu tu. Naye alikuwa ameishiwa na karatasi. Aliandika juu ya gazeti la zamani, akipitisha mistari yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa na mbegu za mmea wa huku kwetu. Wino huo ulififia sana. Mwaka 2011 watafiti, wakiongozwa na Adrian Wisnicki, walitumia picha za mwanga wa namna mbalimbali, wakaweza kuyasoma tena yale maneno. Ikaonekana kwamba hayalingani sawasawa na kitabu kilichotolewa London mwaka 1874, baada ya kifo chake. Katika yale maandishi ya kwanza, watu wa msafara wake mwenyewe wanaonekana wabaya zaidi kuliko katika kitabu. Hilo ni somo kwa wanafunzi wetu: hata shahidi mwema, maneno yake yanaweza kupunguzwa na wengine.

Livingstone aliondoka Nyangwe tarehe 20 Julai, moyo umevunjika, akarudi Ujiji. Mwaka ule ule Henry Morton Stanley alimkuta huko, naye alichukua barua zake mpaka Ulaya. Barua hizo zilipotangazwa mwaka 1872, watu wa Uingereza walikasirika, na nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ikome iliongezeka. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Leo wageni kwa maelfu wanatembelea fasi ya soko lile Unguja, ambapo kanisa kubwa la Waanglikana lilijengwa. Wangapi kati yao wanajua kwamba mlango ule ulifungwa pia kwa sababu ya kilio cha wamama wa Nyangwe? Na sisi wenyewe, wangapi tunajua?

5. Soko lilirudi

Hapa watu wengi wanakosea. Wanaeleza mauaji, kisha wanafunga kitabu. Lakini mnamo Agosti 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Nyangwe akakuta soko likijaa. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita. Wale wamama, ao mabinti zao, walikuwa wamevuka mto tena na vikapu vyao. Cameron alipima kimo cha nchi, akaona kwamba Lualaba katika Nyangwe iko chini kuliko Nile huko Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Basi mto wetu haukuwa Nile. Lazima ulikuwa Kongo. Naye pia alinyimwa mitumbwi, akaenda njia ya kusini mpaka bahari ya magharibi.

Stanley alifika mwishoni mwa Oktoba 1876. Aliorodhesha vitu vya soko: viazi vitamu, mihogo, ndizi, karanga, mafuta ya ngazi, samaki wabichi na wakavu, chumvi, kumbikumbi, panzi, nyungu, mikeka, majembe, pombe. Mama yeyote wa leo angesoma orodha ile angesema: «Hata sasa ndivyo.» Mwishoni mwa orodha kuna vitu viwili ambavyo, kwa bahati, havipo tena: pembe na watumwa. Tarehe 5 Novemba 1876 Stanley aliondoka, Tippu Tip akimsindikiza sehemu ya kwanza ya safari. Tarehe 9 Agosti 1877 alifika Boma. Toka siku ile ikajulikana kwa hakika kwamba maji yanayopita Nyangwe ndiyo yanayoingia bahari ya Atlantiki.

6. Mji ulivyoanguka

Mwisho wa mwaka 1892 vita vilianza kati ya Serikali ya mfalme Leopold na wakubwa wa Kiarabu. Jeshi la Dhanis lilitoka upande wa magharibi, pamoja na watu wa Ngongo Lutete, ambaye mbele alikuwa mtu wa Tippu Tip kisha akageuka. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alishindwa upande wa Lomami. Mwinyi Mohara, mkubwa wa Nyangwe wa siku zile, aliuawa mwezi wa Januari 1893. Jeshi likafika kwenye ukingo wa kushoto, likakaa pale majuma mengi likiangalia Nyangwe kwa macho tu, sababu halikuwa na kitu cha kuvukia.

Mwishowe ni Wagenya waliotoa mitumbwi. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi lilivuka na Nyangwe ikachukuliwa. Watoto wa wale waliozuiwa kutoka kijitoni mwaka 1871 ndio waliofungua mlango wa mji. Katika siku zilizofuata mji ulichomwa na kuharibiwa. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare mwezi wa Januari 1894.

Tusidanganyane lakini: haukuwa uhuru. Ngongo Lutete mwenyewe aliuawa kwa amri ya maofisa wa Serikali ile ile aliyoisaidia, mwezi wa Septemba 1893. Na watu waliotoka katika mnyororo wa pembe waliingia katika kazi za nguvu za mkoloni. Katika Blankenberge, mji wa bahari huko Ubelgiji, kuna mnara wa kuwakumbuka Lippens na De Bruyne, wanajeshi wawili wa Kibelgiji waliouawa Kasongo mwaka 1892. Majina yao yamechongwa katika jiwe. Majina ya wamama wa Nyangwe hayakuandikwa popote.

7. Vya kuangalia ni vipi?

Basi tumjibu mgeni wetu. Asitafute majumba ya mawe kama ya Unguja, kwa kuwa Nyangwe ya Waarabu ilijengwa kwa udongo na miti, na udongo umerudi kuwa udongo. Aangalie haya:

Kwanza, ukingo wa mto Nyangwe. Asimame pale asubuhi, aangalie upana wa maji na mitumbwi inayotoka ng'ambo. Kisha mtu wa fasi hiyo amweleze habari ya ile Jumamosi. Bila maelezo ataona mto tu.

Pili, Kasongo-Tongoni, fasi ya Kasongo ya zamani. Neno «tongo» ni kijiji kilichohamwa. Hata karibu na Tanga, Tanzania, kuna Tongoni yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Kwa hiyo jina lenyewe limesafiri kutoka pwani. Mwaka 2020 Noemie Arazi na wenzake, Wakongomani na wageni, walitangaza utafiti wao juu ya mabaki na kumbukumbu za wakati wa Waarabu katika Maniema. Kipande cha chungu ao ushanga vinavyookotwa shambani ni ukurasa wa historia. Mkulima akivipata, asivitupe, wala asimwuzie mpita njia.

Tatu, Kabambare, njia panda ya kwenda ziwani, ambapo Livingstone alilala mgonjwa. Tanzania iliandikisha mwaka 2006 njia ya watumwa na pembe, toka Bagamoyo mpaka Ujiji, katika orodha ya fasi inazopendekeza kuwa urithi wa dunia mbele ya UNESCO. Ni kazi nzuri. Lakini njia ile haikuishia Ujiji. Wapagazi wengi walianzia mzigo wao huku kwetu.

Nne, vitu visivyo na ukuta. Mchele wa Kasongo, ambao tunajivunia, uliletwa na watu wa njia ile. Sala ya Ijumaa katika misikiti yetu ilikuja nao. Na Kiswahili chetu, Kingwana, ambacho watu wa pwani wakikisikia wanatabasamu, ndicho masalio makubwa kuliko yote. Neno «mngwana» ni muungwana, mtu huru. Mtu akisema Kingwana, anasema lugha ya watu huru. Tuangalie ni nani waliitwa hivyo.

8. Upande wetu ni upi?

Wangwana wenye bunduki hawakutoka wote baharini. Wengi walizaliwa huku. Kulikuwa na mtoto aliyechukuliwa katika kijiji kilichochomwa, akalelewa nyumbani kwa bwana, akajifunza Kiswahili na sala, akapewa bunduki, kisha akatumwa kuchoma kijiji kingine. Ngongo Lutete mwenyewe anatajwa kwamba utotoni alikuwa mtumwa. Kisha wenye bunduki waliwaoa wamama wa fasi hii. Watoto wao walikula wali na sombe katika sahani moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mwanafunzi ni hili: sisi ni wajukuu wa wote wawili. Katika nyumba moja ya Kasongo babu mmoja alishika bunduki, na bibi mmoja alibeba kikapu. Anayesema «wale walikuwa Waarabu, sisi hatumo» anakosea, na anayemtukana jirani yake Mngwana juu ya mambo ya 1871 anakosea pia, sababu anatukana sehemu ya damu yake. Hilo si neno la kuwasamehe Tagamoio na watu wake. Kosa lina jina: walivunja amani ya soko. Ni neno la kutuzuia tusilirudie. Katika vita vya 1998 mpaka 2003 tuliona sisi wenyewe namna kijana wa kijijini anavyoweza kupewa bunduki na kugeuka adui wa mama yake. Hatuwezi kusema kwamba habari ya Nyangwe ni ya watu wa zamani tu.

Ninaomba mambo matatu, yasiyotaka fedha nyingi. Walimu wa Kasongo na Kabambare tuwatume wanafunzi kwa wazee, waandike kwa Kiswahili wanachokumbuka juu ya koo, vijiji vilivyohama na vivuko vya mto, mbele ya wazee hao kwisha. Wakubwa wa vijiji walinde Tongoni na ukingo wa soko la zamani. Na pale ukingoni tuweke kibao, hata cha mti, chenye tarehe 15 Julai 1871 na maneno machache ya kuwakumbuka watu wa soko. Majina yao hatunayo, lakini kazi yao tunaijua: walikuja kuuza samaki, mafuta na mihogo.

Ndugu msomaji, mgeni akikuuliza tena kwetu kuna nini, usicheke. Mpeleke mtoni siku ya soko. Mwonyeshe mama anayeshuka mtumbwini, kikapu kichwani, anayesalimia watu wa ukingo huu kabla ya kuanza kubishana juu ya bei. Sheria ile ya zamani, mtu wa soko haguswi, ilivunjwa siku moja kwa bunduki, na wamama ndio walioirudisha kwa miguu yao wenyewe. Mnara wetu ndio huo, na kuulinda ni kazi yetu sote.